Msiba si mnada: kampeni ya mtandaoni ya haki za wajane, hatua kwa hatua

Picha yetu ya kwanza ilikuwa nzuri mno. Mama amekaa kwenye kigoda mbele ya nyumba, mgongo umeelekea kamera, migomba imemzunguka, jua linazama. Uso hauonekani, jina hatukuandika, kijiji hatukutaja. Tuliiposti Facebook saa moja jioni. Kabla ya saa tatu usiku ilikuwa imeshatua kwenye kundi la WhatsApp la ukoo wa marehemu mumewe. Shemeji hakuhitaji uso. Aliutambua mlango: wa bluu, na chini una kiraka cha bati alichokigongomea yeye mwenyewe miaka ileile walipokuwa bado wanaelewana.

Tuliifuta, lakini picha ikishaingia kundi la ukoo haifutiki. Yule mama alilala kwa dada yake wiki mbili.

Sisi ni kikundi cha watu sita mkoani Kagera, wawili kati yetu ni wasaidizi wa kisheria, na tunachopigania ni kitu kimoja: mjane asing'olewe kwenye kibanja, yaani shamba la migomba la familia, kwa sababu tu aliyemwoa amefariki. Mwongozo huu umetokana na tulichofanya huko, makosa yakiwemo. Kama haki unayoipigania ni nyingine, badilisha mifano. Mpangilio utakufaa, isipokuwa hatua ya tatu, ambayo huna ruhusa ya kuiruka hata ukiwa na haraka ya namna gani.

1. Kwanza mtafute mwenye kalamu

Watu wengi huanza na hashitegi. Sisi pia. Ya kwetu ilisema wajane wapewe haki zao, na kila mtu aliipenda, wakiwemo watu waliokuwa wamewafukuza wajane. Nani asiyetaka haki? Tatizo ni kwamba haikumwambia mtu yeyote afanye nini.

Chukua karatasi, andika safari ya shamba tangu siku ya mazishi. Ukoo unakaa kikao na kupendekeza msimamizi wa mirathi. Kinaandikwa muhtasari, waliohudhuria wanasaini. Muhtasari unapelekwa Mahakama ya Mwanzo, nayo ndiyo humteua msimamizi. Kama ardhi ni ya kijiji, halmashauri ya kijiji nayo ina neno lake kwenye hati ya hakimiliki ya kimila. Sasa zungushia duara kila mahali ambapo mtu anashika kalamu. Hayo ndiyo malengo ya kampeni yako. Mengine ni mapambo.

Tulipofanya zoezi hilo tuliona kitu kilichotushtua. Wajane wengi waliotujia walikuwa wamesaini. Walipewa karatasi ya mahudhurio siku ya tatu ya msiba, macho yamevimba, wakaambiwa "mama, weka sahihi kwamba ulikuwepo," na karatasi ile baadaye ikabandikwa nyuma ya muhtasari wasiousoma. Hapo ndipo ulipopatikana ujumbe wetu wa kwanza wenye meno: usisaini karatasi isiyo na maandishi juu yake. Mtu anauelewa papo hapo na anajua afanye nini.

Ujumbe wa pili ulikuja baadaye na ndio uliobadilisha kampeni nzima: tuache kusubiri mume afe. Hati ya kimila inaweza kuandikwa majina ya wote wawili wangali hai. Tukageuza dai likawa swali, "Hati ya shamba lenu ina majina mangapi?", na mlengwa akawa halmashauri ya kijiji, kwamba kila familia inayojaza fomu iulizwe swali hilo kabla ya jina moja kuandikwa.

Kenya walishatuonyesha dai lililo wazi linavyofanya kazi. Mwaka 2013 msichana wa miaka 16, aliyepewa jina la Liz ili kumficha, alibakwa na kundi la wanaume katika kaunti ya Busia, na habari zikatoka kwamba waliokamatwa waliambiwa wafyeke nyasi za kituo cha polisi kisha wakaachiwa. Waliolivalia njuga suala hilo hawakuomba "ukatili ukome". Walitaka watu wale wakamatwe na washtakiwe, na maafisa waliowaachia wawajibishwe. Ombi la mtandaoni lilivuka saini milioni 1 na likapelekwa kwa miguu hadi makao makuu ya polisi Nairobi. Aprili 2015 wanaume watatu walihukumiwa kifungo cha miaka 15. Kilichobeba kampeni ile ni nyasi. Adhabu ya kufyeka nyasi mtu anaisimulia mara moja tu, na aliyeisikia hasahau.

2. Sheria uijue kabla hujafungua mdomo

Huhitaji kuwa wakili, ila usibabaishwe na mzee wa kwanza atakayesimama kukuuliza. Kwa Tanzania, yaweke haya mfukoni.

Sheria ya Ardhi ya Vijiji, Na. 5 ya 1999, inasema haki ya mwanamke kupata, kumiliki na kutumia ardhi ni sawa na ya mwanamume, na mila inayomnyima haki hiyo haina nguvu. Sheria ya Ndoa ya 1971 inamkataza mwanandoa kuuza au kuweka rehani nyumba ya ndoa bila ridhaa ya mwenzake. Hizo ndizo habari njema.

Habari ngumu ni kanuni za mila zilizotangazwa na serikali mwaka 1963, ambazo zinasema mjane hana fungu katika mirathi kama ndugu wa ukoo wapo, na kwamba fungu lake ni kutunzwa na watoto wake. Kanuni hizo ndizo zilizowabana wajane wawili wa Shinyanga, mafundi cherehani, waliotolewa kwenye nyumba zao na wakwe. Walikwenda hadi Mahakama Kuu, kisha wakafika kwenye Kamati ya Umoja wa Mataifa inayosimamia mkataba wa kutokomeza ubaguzi dhidi ya wanawake, nayo mwaka 2015 ikasema Tanzania imevunja haki zao na kanuni zile zibadilishwe. Kwa hiyo usimwahidi mjane kwamba sheria yote iko upande wake. Mwambie ukweli, kwamba ana silaha nzuri na ana ukuta mbele yake.

Na kama uko Kagera, hadithi unayo nyumbani. Holaria Pastory alirithi shamba kwa baba yake kwa wosia halali. Mwaka 1988 akaliuza, shilingi 300,000, kwa mtu asiye wa ukoo. Mpwa wake akamshtaki katika Mahakama ya Mwanzo Kashasha: mwanamke wa Kihaya hauzi ardhi ya ukoo. Bibi akashindwa. Akakata rufaa wilayani Muleba, akashinda. Mpwa naye akapanda Mahakama Kuu Mwanza, na mwaka 1990 Jaji Mwalusanya akaamua kwamba mila ile inagongana na Katiba, na bibi ana haki ya kuuza kama mwanamume. Tumeisimulia kesi hii kwa sauti, kwa katuni na mbele ya kilabu cha rubisi, na kila mara wazee huanza kubishana juu ya bei.

3. Ridhaa, na namna ya kumficha mtu akafichika

Rudi kwa mlango wa bluu. Tulikuwa tumemwomba yule mama ruhusa na alikubali. Lakini alikubali nini? Alidhani picha inakwenda "ofisini". Hakuna aliyemwambia kwamba Facebook ni mahali ambapo mtoto wa shemeji yake aliyeko Dar es Salaam anakesha.

Siku hizi tunafanya hivi. Mmoja wetu anakaa na mama bila kamera. Anamwonyesha kwenye simu chapisho la mtu mwingine, anashuka naye kwenye maoni, yakiwemo matusi. Kisha anamuuliza: ukoo wakiiona kesho asubuhi, itakuwaje? Nani atakuja mlangoni? Utalala wapi? Tunamwacha siku tatu. Tukirudi akisema "nimeona tuache," tunaaga na kushukuru, hatumbembelezi. Akikubali, anaambiwa kwamba anaweza kubadili mawazo kabla ya kuchapisha, na tunamweleza waziwazi kwamba baada ya kuchapisha hatuna uwezo wa kulirudisha neno.

Katika kumficha, uso ni kazi ndogo kuliko zote. Kijijini watu hutambuana kwa khanga, kwa mwendo, kwa mbwa, kwa kaburi lililoko pembeni ya nyumba, kwa kikohozi. Sauti ndiyo mbaya zaidi. Kwa hiyo kanuni yetu: kisa cha kweli, mwili wa mtu mwingine. Mama anatusimulia, tunaandika, tunabadilisha idadi ya watoto na aina ya mali, kisha mwigizaji kutoka wilaya nyingine anakisema. Picha tunapiga mikono, au jembe, au karatasi yenye sahihi iliyofunikwa, na tunapiga kwenye shamba la mmoja wetu. Wale wajane wa Shinyanga, kesi yao imesomwa dunia nzima, lakini katika uamuzi wa Kamati wanatajwa kwa herufi mbilimbili tu: E.S. na S.C. Herufi zile hazijapunguza uzito wa kesi hata chembe.

Upande wa simu: zima mahali ulipo kwenye mipangilio ya kamera kabla ya kupiga. Ukitaka kuficha uso kwenye picha, weka boksi jeusi zima, usitumie ukungu mwepesi. Picha ukiituma WhatsApp kama dokumenti inakwenda na taarifa zake zote za ndani, pengine na mahali ilipopigwa, kwa hiyo mbichi usiirushe hivyo. Zima pia ile tabia ya simu kupeleka kila kitu kwenye akaunti ya Google ya familia; tulishawahi kukuta mahojiano kwenye tableti ya mtoto. Majina halisi yakae kwenye daftari moja, kabatini kwa mtu mmoja. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 inakudai uangalifu huo hata kama ninyi ni kikundi kidogo.

4. Ujumbe: jifunze kwa khanga

Khanga imefanya kazi hii zaidi ya karne: ina pindo, ina mji, ina jina. Jina halizidi mstari mmoja, na limekusudiwa mtu fulani ambaye hatajwi. Aliyekusudiwa anajua, jirani anajua, na hakuna anayeweza kukupeleka kwa mtendaji. Mtandaoni unataka nini zaidi ya hapo?

Kuchapisha doti halisi ni gharama, viwanda havikuchapii doti tano. Kwa hiyo tulichora khanga ya simu: mraba, pindo pande nne, korosho katikati, jina chini. Programu yoyote ya bure ya kutengenezea picha inatosha. Kila Ijumaa tukatoa moja, na watu wakaiweka stetasi bila kuombwa, kwa sababu ilionekana kama khanga na haikuonekana kama tangazo la semina. Hizi ni baadhi:

Msiba si mnada.

Matanga hayajaanuliwa, kamba mmeshatandaza.

Mume kafa, shamba halijafa.

Jembe langu, hati yenu?

Ya pili ndiyo iliyosambaa kuliko zote, kwa sababu kila mtu amewahi kuwaona watu wa kamba, wale wanaopima shamba wakati waombolezaji bado wamelala chini. Sikuitunga mimi. Ilimtoka bibi mmoja kwenye kikao, akiwa anachambua maharage, wala hakujua kama amesema kitu. Ndiyo maana nakushauri usitunge ukiwa mezani peke yako. Kakae na watu, uwe na kalamu.

Maneno ya ripoti yaache kwenye ripoti. "Uwezeshwaji", "mtazamo wa kijinsia", "wadau": hakuna mjane anayelia kwa maneno hayo.

5. Kutengeneza

Ukiwa na simu moja na siku moja, tengeneza sauti, usitengeneze video. Ujumbe wa sauti unakula bando kidogo, unasikilizwa na asiyejua kusoma, na mtu huusikiliza akiwa anapalilia. Wetu ulikuwa mchezo wa vipande saba, kila kimoja dakika mbili, kwa Kiswahili na kwa Kihaya. Kila kipande kinakatikia pabaya. Cha tatu kinaishia mama anapewa kalamu. Cha nne hakikutoka mpaka siku mbili baadaye, na watu walitupigia simu kuuliza alisaini au hakusaini.

Rekodi ndani ya chumba chenye godoro na nguo nyingi, funga dirisha, shika simu kiasi cha shubiri moja kutoka mdomoni, pembeni kidogo ili pumzi isipige maikrofoni. Jogoo mmoja kwa mbali hana neno. Mvua kwenye bati inaharibu kila kitu, na Kagera mvua haikupi taarifa, kwa hiyo rekodi asubuhi.

Kama ni video, isizidi dakika moja na maandishi yawepo kwenye kioo, kwa kuwa wengi huangalia bila sauti. Sekunde tatu za kwanza zisiwe nembo yenu. Hakuna anayesubiri nembo.

Na mtafute mzee. Sauti iliyotusaidia kuliko zote ilikuwa ya mkuu wa ukoo mmoja mwenye miaka sabini na kitu, aliyesema kwa sekunde arobaini tu kwamba alimwondoa mke wa mdogo wake kwenye kibanja, na kibanja kile sasa ni pori, na watoto wa mdogo wake hawampi shikamoo.

6. Kusambaza

WhatsApp ina breki. Ujumbe unaweza kuusambaza kwa mazungumzo matano tu kwa wakati mmoja, na ukishapita mikono mingi unabanwa hadi moja. Kwa hiyo usitegemee upepo. Tafuta mabalozi ishirini: katibu wa kwaya, mwenyekiti wa vikoba, kiongozi wa bodaboda, mwalimu wa madrasa, muuza duka la pembejeo. Kila mmoja mtumie faili halisi moja kwa moja, aiweke kwenye makundi yake kwa maneno yake mwenyewe.

Kisha nenda kwenye vibanda vinavyoingiza nyimbo kwenye memori kadi na flashi. Wenye kiswaswadu, simu ndogo ya vitufe, wako huko. Tulimpa kijana wa kibanda vile vipande saba aviweke katikati ya singeli na kwaya, bure, na ndani ya mwezi tukaanza kuvisikia kwenye spika za bodaboda. Redio za jamii nazo usizidharau. Karagwe wana FADECO, Ngara wana Kwizera, na kipindi cha kupiga simu kinafika mahali ambapo data haifiki.

Usijenge nyumba yote juu ya kiwanja kimoja. Mei 2025 mtandao wa X ulizuiwa Tanzania, na kampeni zilizokuwa zikiishi huko tu zilikosa pa kulala. Weka namba za simu za mabalozi kwenye karatasi.

Kalenda: tarehe 23 Juni ni Siku ya Kimataifa ya Wajane, na kuanzia 25 Novemba hadi 10 Desemba ni siku 16 za kupinga ukatili. Zinasaidia kupata nafasi redioni. Lakini kwetu wakati mzuri kuliko yote ni wiki mbili kabla ya mkutano mkuu wa kijiji, ambao sheria inataka ufanyike kila baada ya miezi mitatu.

7. Maoni, matusi na sheria ya mtandao

Yatakuja. "Mnawafundisha wanawake kuua waume." Tuliandaa majibu matano mapema, ya upole, na mmoja wetu kwa zamu ndiye anayejibu, wengine marufuku, hasa usiku. Mtu anayeuliza kweli anajibiwa. Anayetukana anaachwa. Anayetisha anapigwa picha ya skrini, tarehe na saa, inahifadhiwa.

Usimtaje shemeji wa mtu. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015 inaadhibu kuchapisha taarifa za uongo, na hata ukiwa na ukweli, utauthibitisha kwa karatasi gani? Sema tabia, mtu muache kwa mahakama. Na kabla hujafungua chaneli ya kurusha habari mara kwa mara, soma Kanuni za Maudhui ya Mtandaoni za 2020 na marekebisho yake ya 2022, ujue kama unahitaji leseni ya TCRA, Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania.

Chini ya kila chapisho iwepo namba ya msaidizi wa kisheria, na namba hiyo ipokelewe. Kuamsha mtu kisha usipokee simu yake ni ukatili mwingine.

8. Siku ya mkutano, na daftari

Tulimwandikia mtendaji wa kijiji mapema tuombe nafasi kwenye ajenda: dakika kumi. Tulipiga kipande cha tatu kwenye spika, kalamu inapotolewa, tukazima. Kisha mama mmoja, mkazi wa pale, si mjane, akasimama na kuuliza lile swali la majina mangapi. Hatukusema zaidi. Ubishi uliendelea saa nzima na nusu, na muhtasari wa mkutano ukaandikwa kwamba kila familia itaulizwa. Omba nakala ya muhtasari huo siku hiyohiyo, ukiwa na mhuri, kabla haujapotea.

Namba za kutazamwa tunaziandika, lakini kwenye ukurasa wa nyuma. Mbele ya daftari kuna safu tatu: waliopiga simu, waliorudisha karatasi bila kusaini, na hati zilizoandikwa majina mawili. Safu ya tatu hujaa polepole mno. Safu ya kwanza hujaa kila Jumatatu, maana Jumapili ndipo ukoo hukutana.

Wiki iliyofuata mkutano ule, wa kwanza kutujia alikuwa mwanamume. Aliegesha baiskeli, akatoa fomu iliyokunjwa mara nne, akaiweka mezani na kuuliza kwa sauti ya chini kama ina nafasi ya majina matatu, kwa kuwa ana wake wawili na hataki wagombane akiwa kaburini. Tulimwita msaidizi wa kisheria, tukamvutia kiti.